Bundi wa Manyoya ya Karatasi

Jumamosi, 4 Oktoba

Tumeanza. Chumba cha chini cha kanisa kinanuka unyevu na kahawa ya jana, na kama kawaida mimi ndiye niliyefika wa kwanza, nikawasha kipasha joto, nikapanga meza, halafu Gladys Trevarrow akaingia dakika ishirini baadaye akiuliza kama kuna la kusaidia. Lo! Nikamwambia, "Wewe kaa tu shoga, kazi imeshaisha." Akakaa. Gladys hajawahi kuielewa kejeli tangu tulipokuwa darasa moja.

Hadithi ya mwaka huu tumeipitisha: Dubu Aliyekataa Kulala. Baridi imeingia, dubu wote wameingia mapangoni, yeye hataki kwa sababu hajawahi kuiona Krismasi. Kila mwaka tunatunga hadithi yetu wenyewe na kuijenga yote kwa karatasi, msitu mzima, kwa sherehe ya watoto ya Desemba. Miti ya kurasa za vitabu, uyoga wa sahani za karatasi, nungunungu wa kitabu kilichokunjwa ukurasa kwa ukurasa hadi kikatuna. Mtoto akishuka ngazi zile anaingia ndani ya hadithi. Mwaka juzi mmoja alilia alipoambiwa muda wa kwenda nyumbani umefika, nami nikafurahi wiki nzima.

Dada Lempi Huhta atamtengeneza dubu. Ana miaka themanini na moja na macho yake yamechoka, lakini vidole vyake bado vya msichana. Mimi nimepewa bundi. Mgeni wetu, Marisela Ochoa, atakata theluji na vibendera. Huyu aliajiriwa na maktaba ya mji mwezi wa nane, kutoka Texas, na koti alilokuja nalo kwa hapa kaskazini mwa Michigan ni shati tu. Ana adabu, anacheka upesi, ananiita Mama Aune. Yuko kwenye majaribio hadi mwisho wa mwaka, kisha kamati ya maktaba, ambayo nami nimo, itaamua kama anabaki.

Nilimfundisha sheria yangu. Tunakata vitabu vilivyotupwa na maktaba tu, na kila kilichotupwa kina mhuri mwekundu ndani ya jalada. Hakuna mhuri, hakuna mkasi. Niliiweka mimi sheria hiyo mwaka ule Gladys alipokata nusu ya kitabu cha nyimbo cha mchungaji. Marisela akairudia kwa sauti, "Hakuna mhuri, hakuna mkasi, Mama Aune," na wote tukacheka.

Jumanne, 7 Oktoba

Theluji ya kwanza. Imeyeyuka kabla ya chakula cha mchana.

Jumamosi, 18 Oktoba

Boksi la wiki hii kutoka maktaba lilikuwa na madaftari mawili ya Kifini. Kila mwaka tunayapata. Wajukuu wa wahamiaji wa Kifini wakimzika bibi yao hukusanya makaratasi yake ya lugha wasiyoijua, wanaona haya kuyatupa, basi huyapeleka maktaba ili maktaba ndiyo iyatupe. Siwacheki, maana mimi ni mjukuu wa namna hiyo hiyo. Kifini changu ni sala ya chakula na matusi mawili ya baba. Lakini mwandiko ule wa wino, jamani, ukiukata unapendeza kuliko maandishi yoyote ya kiwandani.

Dada Lempi na Marisela walikuwa wananong'ona pembeni, wakanyamaza nilipopita. Miaka arobaini mimi ndiye ninayempeleka Lempi kanisani na kumrudisha, na sasa ana siri na mtu wa miezi miwili. Imenichoma. Naandika kwa sababu humu hakuna wa kunicheka.

Ijumaa, 31 Oktoba

Halowini. Popo themanini wa karatasi nyeusi kwa watoto wa shule. Vidole vyangu vyeusi mpaka kwenye kucha.

Alhamisi, 6 Novemba

Nimepata manyoya ya bundi wangu!

Nilishuka kanisani asubuhi kuchukua boksi, maana Marisela huliacha pale kila Alhamisi kabla ya kufungua maktaba. Juu kabisa lilikuwepo daftari nene lenye jalada la kitambaa cha buluu, limejaa Kifini kwa wino wa kahawia, mwandiko mdogo ulioinama, na hapa na pale picha za wanyama zilizopakwa rangi kwa mkono. Karatasi ilikuwa ya zamani, nzito, inakunjika bila kupasuka. Nililibeba nyumbani mbio mbio kabla Gladys hajalitia macho. Picha zilinipa shaka kidogo, nikaziweka kando. Halafu nikaona rangi zake zinafaa kifuani kwa bundi, nikazikata nazo.

Manyoya mia mbili na kumi na manne, kila moja nimelikunja mshipa katikati. Nimekata tangu asubuhi mpaka mume wangu Waino aliporudi kutoka kazini. Sijawahi kufanya kitu kizuri hivi maishani mwangu, na nasema hivyo nikijua kujisifu ni dhambi. Jalada na vipande vilivyobaki nimempa Waino awashie jiko la sauna, chumba chetu cha kuogea mvuke.

Jumamosi, 8 Novemba



Bundi nilimtundika juu ya ngazi, mabawa wazi. Gladys aliingia akapiga ukelele. "Mama wee! Aune, huyu atawafanya watoto wajikojolee!" Ndiyo sifa kubwa kuliko zote aliyowahi kunipa. Marisela alipiga makofi. Dada Lempi alikuwa amesahau miwani yake, akasema anaona kitu kikubwa cha rangi ya chai. Nilijaa kiburi mpaka pomoni.

Tukakaa kunywa kahawa na nisu, ule mkate mtamu wa Kifini, iliki inanukia chumba kizima. Dada Lempi akamgeukia Marisela.

"Binti yangu, umenirudishia daftari langu?"

"Ndiyo, bibi. Nililiweka juu ya boksi juzi asubuhi. Hukulikuta?"

"Daftari gani tena?" Gladys akadakia. Gladys na habari ni nzi na kidonda.

Basi Lempi akatueleza, na ilikuwa ndiyo siri yao. Alipokuwa na miaka sita aliugua kifua, akalala kitandani majira yote ya baridi. Mama yake alimwandikia hadithi moja kila siku na kuzichorea picha, mpaka theluji ikayeyuka na mtoto akasimama. Hakuna aliyeziona nje ya nyumba yao. Ndani yake mlikuwa na dubu, naye alitaka kumtengeneza dubu wetu kwa sura ya yule wa mama yake, atushangaze. Akampa Marisela atoe nakala kwenye mashine ya maktaba. Marisela akatoa nakala ya ukurasa mmoja, ule wa dubu, kama alivyoagizwa. Huo tu.

"Lina jalada gani?" akauliza Gladys.

"La buluu," alisema Lempi. "Kitambaa cha gauni la mama."

Niliweka kikombe chini. Wote walinitazama, kwa sababu anayechukua boksi ni mimi. Nikaisikia sauti yangu inasema, "Mimi sikuona kitu juu ya boksi." Wala haikutetemeka.

"Lakini nililiweka, Mama Aune. Nina hakika. Nilikuwa na funguo mdomoni, mikono imejaa..."

"Fikiri vizuri, mwanangu. Pengine uliliweka mahali pengine ukasahau. Inatokea."

Akakunja uso, akaanza kufikiri kweli. Akasema kwa sauti ya chini kwamba ataangalia ndani ya gari.

Nimerudi nyumbani nikavua buti, nikakaa jikoni na koti mwilini. Ningeweza kusema pale pale. Ningesema, dada Lempi nisamehe, sikutazama mhuri, mimi mwenye sheria. Lakini Gladys alikuwa pale, na bundi alikuwa juu yetu, na dakika moja kabla walikuwa wananipigia makofi. Niliona haya. Hakuna sababu nyingine.

Jumapili, 9 Novemba

Kanisani. Nilimpeleka Lempi kama kawaida. Sikuimba.

Jumatano, 12 Novemba

Waino anafunga mizigo ya kambi ya wawindaji. Msimu wa kulungu unafunguliwa Jumamosi, na mwanamume wa hapa afadhali akose harusi ya binti yake kuliko siku hiyo. Alikuwa anasugua bunduki mezani.

"Lile la buluu ulilonipa nichome," alisema bila kuinua uso, "halikuwa la Lempi?"

"Nani kakwambia?"

"Gladys kamwambia kila mtu posta kwamba daftari la buluu limepotea."

Mume wangu ana maneno kumi kwa siku na nilijua kila linalofuata lina uzito.

"Ulitazama mhuri?"

"Sikutazama."

"Mwambie."

"Nitamwambia, Waino. Niache nipumue!"

"Lini?"

"Kabla hujarudi."

Akaiingiza bunduki katika ala yake ya ngozi. Afadhali angenigombeza.

Jumamosi, 15 Novemba

Wanaume wote porini. Sisi tumepekua chumba cha chini, kabati kwa kabati. Lilikuwa wazo la Marisela. Alilala kifudifudi akaingiza mkono chini ya jokofu la kanisa, akatoa vumbi, kijiko na mshumaa uliovunjika. Alipoinuka nywele zake zilikuwa zimejaa utando wa buibui, na Gladys akamwambia, "Hapo nilishaangalia," kwa sauti ambayo mtu humwambia mwizi.

Na mimi nilitafuta. Nilifungua droo ambazo nilijua hazina kitu, nikazifunga. Nilipiga magoti. Nilisema, "Huku hakuna." Mtu angeniona angesema nina uchungu kuliko wote.

Dada Lempi magoti hayamruhusu kuinama, kwa hiyo alikaa kitini chini ya ngazi, miwani usoni, uso ameuinua. Nilidhani anasali. Nilipomletea koti akasema, "Asante, Aune," akanishika mkono muda mrefu kidogo. Nusura niseme. Marisela akaita kutoka stoo kwamba ameona kitu cha buluu, sote tukakimbia. Kilikuwa kitambaa cha kufutia vyombo.

Alhamisi, 20 Novemba

Gladys kapiga simu.

"Watu wanasema, mwenzangu, huyo wa maktaba ndiye anayetupa vitu vya wazee wetu. Atajuaje thamani yake? Si wa hapa."

"Watu gani?"

"Watu!"

"Gladys, watu hao ni wewe na nani?"

"Basi mtetee, wewe si umo kwenye kamati. Orville Nankervis, mwenyekiti wenu, anasema mkikutana mtaliangalia."

Hapo ndipo nilipopaswa kusema. Nikasema maji yanachemka jikoni. Hakukuwa na maji. Nyani haoni kundule: wajukuu wote wa mji huu wametupa madaftari ya bibi zao, na mimi nimeyakata miaka kumi na tano, na leo anayetuhumiwa kutojua thamani ni mtu aliyelishika lile la Lempi kwa mikono miwili.

Jumamosi, 22 Novemba

Theluji imefika magotini. Nimezipiga koleo ngazi za kanisa mara mbili. Tulikuwa watatu tu, Marisela ana homa, au ndivyo alivyosema.

Alhamisi, 27 Novemba

Sikukuu ya Shukrani. Waino karudi hana kulungu, ana ndevu tu. Nimetengeneza bata mzinga wadogo wa karatasi wenye majina, kila mtu akae kwake. Kaka yake Waino na mkewe walikuwepo. Kabla ya kula kila mtu husema anashukuru kwa lipi. Kaka akashukuru kwa nyonga yake mpya. Zamu ya Waino ilipofika akamtazama bata wake wa karatasi akasema, "Nashukuru mke wangu hajawahi kuniongopea mimi."

Wakacheka, wakadhani ni utani wa wazee. Mimi nilikwenda kuangalia viazi.

Alhamisi, 4 Desemba

Orville, mwenyekiti wa kamati, amenipigia. Kikao ni tarehe kumi na sita. Ajenda ni moja, Marisela. "Wewe unafanya naye kazi kwa karibu, Aune. Tutakusikiliza wewe kwanza." Amesema yeye hana ubaya naye, ila watu wamekuwa wakiongea, na ukimpa mtu vitabu vya mji lazima uwe na hakika naye.

Nimeandika barua kwa Lempi. Nimeichana. Nimeandika nyingine.

Jumamosi, 6 Desemba

Marisela karudi. Amekonda. Ana kijidaftari anachokiandikia kila kitu: mkasi nimeuweka kushoto, gundi nimempa Gladys saa nne na robo. Anaandika, anatazama kitu chenyewe, anatazama tena alichoandika. Nilimuuliza kwa nini, akasema, "Ili nisiwasumbue tena, Mama Aune."

Vibendera vyake vimepangwa vizuri hata Gladys alikosa la kusema. Theluji zake za karatasi ni elfu moja na hakuna mbili zinazofanana. Nilimuonea wivu mtu huyu kwa sababu Lempi alimnong'oneza. Hicho ndicho kilichonifanya niseme lile neno kwa wepesi ule tarehe nane, nalijua sasa, na kulijua hakujanipa ujasiri wowote. Nilimletea kiti tu.

Dubu wa Lempi amekamilika. Ana sura ya mtu anayesinzia na kukataa kusinzia. Kifuani Lempi amembandika ile nakala moja. Amemaliza, akafuta gundi vidoleni, akaniambia, "Wewe Aune, umekuwa kimya mwaka huu."

"Uzee."

"Mimi nina miaka kumi na minne zaidi yako na sijanyamaza."

Jumamosi, 13 Desemba

Sherehe. Watoto arobaini na wawili. Walishuka ngazi mmoja mmoja chini ya bundi, na kila mmoja alisimama pale pale mdomo wazi. Ningetoa chochote nifurahi.

Mchungaji alisoma hadithi yetu. Kisha msichana mmoja mwenye taji la karatasi akamuuliza Lempi, mbele ya watu, kwa nini bundi ameandikwa mwilini. Nilikuwa nimeshika sinia la biskuti. Lempi akasema, "Kwa sababu anazijua hadithi nyingi, mjukuu wangu." Msichana akauliza zinasemaje. Lempi akaweka miwani sawa, akainua uso, akasoma Kifini polepole, neno moja moja, kisha akatafsiri: "Na mbweha akasema... kesho nitakuletea... Hapo limekatika."

Hakunitazama. Akamshika mtoto mkono, wakaenda kula.

Sinia niliweka mezani. Sijui nilifikaje kwenye gari.

Jumapili, 14 Desemba

Sikungoja ibada. Nilikwenda kwake saa moja asubuhi, nikamkuta amevaa, amekaa jikoni, vikombe viwili vimewekwa.

Nilisema nikiwa nimesimama. Nilisema yote: boksi, mhuri ambao sikuutazama, picha, jalada, jiko la sauna. Nilisema nililia nilipoandika barua na kwamba nilizichana. Aliniacha nimalize.

"Macho yangu mabovu," alisema, "lakini mwandiko wa mama yangu nautambua. Nilijua Jumamosi ile mlipokuwa mnatafuta. Nilivaa miwani nikainua uso, nikamwona amesambaa dari nzima."

"Na ukanyamaza?"

"Nilikuwa nakungoja wewe." Akamimina kahawa, mkono wake ukagonga kikombe. "Mwezi mzima. Kila Jumamosi nikisema leo atasema, Aune si mtu wa hivi. Nilitaka utoke mwenyewe. Nilijiona mwema sana kwa kukungoja. Na kila Jumamosi yule binti alikuwa anapekua. Kwa hiyo na mimi nina langu la kujibu."

Nilimwambia anisamehe.

"La daftari nilikusamehe siku ile ile. Mama alilitengeneza mtoto wake asichoke na kitanda, nami sikuchoka. Kazi yake lilimaliza." Akanisogezea kikombe. "Haya mengine si yangu kuyasamehe. Nenda kwa mwenyewe."

"Nitasema kwenye kikao kwanza. Nimsafishe jina, ndipo nimwendee."

"Fanya utakavyo. Lakini usifikiri kikao ndicho kigumu."

Jumanne, 16 Desemba

Kikao. Tulikuwa watano, na Gladys alikuja kusikiliza kwa sababu Gladys huja. Orville alipofungua tu nilisimama nikasema, "Daftari la Lempi nililikata mimi. Bundi mliyempigia makofi ndiye daftari. Marisela aliliweka pale pale aliposema aliliweka, na mimi nilijua tangu siku ya kwanza, nikamwachia mzigo."

Gari la kusukuma theluji lilipita barabarani. Gladys akasema, "Lakini Aune, wewe si ulitafuta na sisi? Ulipiga magoti!"

"Nilipiga."

Akafungua mdomo akaufunga. Miaka sitini namjua na sikuwahi kuuona umefungwa kwa hiari yake.

Walipiga kura, Marisela anabaki, wote watano. Nilijiuzulu kamati. Orville alisema si lazima, nikamwambia ni lazima. Nilitoka nikijihisi mwepesi, naungama, nikaendesha nikiimba. Waino akanipikia samaki.

Jumatano, 17 Desemba

Digrii ishirini chini ya sifuri. Marisela amepanga nyumba ya kijani nyuma ya posta. Nilibisha hodi saa tisa alasiri. Alikuwa ameshapigiwa simu na Orville. Alisimama mlangoni akiwa na sweta mbili, nikamwambia nilichokuja kusema. Niliyapanga maneno njia nzima na yalitoka vizuri. Nilisema jina lake sasa ni safi. Nilisema kazi ni yake.

"Nashukuru," alisema. Ndivyo alivyosema. Halafu akasema, "Mama Aune, bibi yangu alianza hivi."

Sikuelewa.

"Alianza kwa kusahau alikoweka vitu. Alikuwa na miaka hamsini tu. Alipofika hamsini na tano alikuwa hajui mimi ni nani. Kwetu ugonjwa huo unapita kwa wanawake. Mama naye ulimpata. Mimi nina arobaini na moja." Alikuwa anaongea taratibu, bila hasira, na mimi ningeipokea hasira kwa mikono miwili. "Nilikumbuka nimeliweka juu ya boksi. Nililiona kabisa, akilini, na jalada lake. Na wewe ukasema halikuwepo. Basi nikajua kumbe naona vitu ambavyo havikutokea."

"Marisela..."

"Nilikwenda kwa daktari, mjini Marquette, siku niliyosema nina homa. Walinipima kichwa. Waliniambia nichore saa, nitaje wanyama, nikumbuke maneno matano. Nilimpigia dada yangu nikamwambia atafute mahali pa kuniweka, mapema, kabla sijawa mzigo. Tulilia wote." Akavuta sweta. "Daktari alisema sina kitu. Mzima kabisa, alisema. Sikumwamini. Nilikuamini wewe."

Nilisimama pale. Maneno yote niliyokuwa nimeyapanga yalikuwa yameshaisha, na hakuna hata moja lililomhusu mtu huyu aliyekuwa anaongea nami. Mwezi mzima nilikuwa namhesabia kazi, jina, kamati, kumbe nilikuwa nimeshika kitu kingine kabisa mkononi na sikukitazama.

Upepo ulikuwa unamwingilia ndani. Alinitazama, akatazama buti zangu, akasogea pembeni.

"Ingia," alisema. "Utaganda."

Niliingia. Nilivua buti mlangoni. Mezani palikuwa na kile kijidaftari chake, kimefunguliwa, na sikujua nikae wapi.